Betri Inayooza Pole Pole Kifuani Mwangu

Kama daktari amekuambia kwamba moyo wako utasaidiwa na mashine, na sasa umekaa kwa benchi umeshika kifua kama mtu aliyebeba mayai, haya nimekuandikia wewe. Mimi si mtu wa masomo. Shule yangu ni ile ya ngumbaru, ya watu wazima, ndani ya kanisa letu karibu na Giakanja, na mwalimu wetu Tabitha alikuwa akituchapa vidole kwa rula ingawa sisi ndio tulimzidi umri. Kiswahili nilikiokota Nanyuki nikiwa msichana, baba yangu akiwa mpishi kwa shamba la mzungu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu lile benchi la hospitali halikuwa la Wakikuyu peke yao.

Jina langu ni Wamuyu. Lishike hilo jina, maana ugonjwa wenyewe sikuuogopa sana. Nililoogopa ni kufa jina hilo likiwa halijaitwa na mtu.

Nilianza kuanguka Uhuru ukiwa na kama miaka kumi, msimu ule kahawa ilipoiva yote kwa mara moja. Nilikuwa natembea tu na kikapu, halafu nikajiona chini, mdomo umejaa udongo. Siku nyingine nikaanguka jikoni. Mkono wa kushoto uliingia motoni katikati ya mafiga na sikuusikia. Mama mkwe wangu, Wangechi, alikuwa mlangoni. Hakuingia. Alisimama pale akiwapigia watoto kelele: "Msimshike! Msikanyage hayo mate yake! Ni kifafa!"

Aliyenitoa ni Wairimu, jirani yangu. Alinivuta kwa mguu kama mbuzi aliyechinjwa, huku akimtukana mama mkwe wangu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Vidole viwili vya mkono huo vilishikana, na mpaka leo havijaachana.

Kwa hiyo kwanza nilikuwa mtu wa kifafa. Nilipewa kikombe changu na kijiko changu. Mtoto wangu Kariuki, aliyekuwa kijana wa shule, aliambiwa asile chakula nilichoonja. Ukiambiwa una kifafa katika kijiji chetu, hata kuku wanaanza kukukwepa.

Hospitali ya Nyeri ndiko walikoniambia si kifafa. Kulikuwa na sista mmoja, Agnes, msichana mwembamba. Alinishika mkono akatazama saa yake, akatazama tena, akaenda kuita mwenzake. Walidhani saa imeharibika. Moyo wangu ulikuwa unapiga, halafu unasahau. Nikapelekwa Nairobi.

Huko nilikutana na Daktari Holm, mzungu mrefu mwenye mikono baridi, na Sista Priska wa Mukurweini aliyekuwa akitutafsiria. Wale tuliokaa nao benchi nawakumbuka wote: Mama Atieno aliyevimba miguu, Mzee Hassan muuza ng'ombe wa Nanyuki, na msichana Kalekye ambaye midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Tulikuwa tukisongea mlango kidogo kidogo, kila mtu akikalia joto la makalio ya mwenzake. Ukiona mtu ameingia na hatoki, hauulizi. Unasonga tu.

Nikapigwa kisu cha kwanza. Niliamka na kibonge chini ya ngozi, chini ya bega, kikubwa kama kopo la mafuta ya kujipaka, na titi limevutwa juu upande mmoja. Hakuna aliyeniambia kwamba nitalia nikijitazama. Wewe nakuambia. Utalia, na si kwa sababu ya uchungu.

Nilirudi nyumbani na mvua za njahi, zile mvua ndefu. Sikuanguka tena. Kuni sikuweza kubeba kama zamani, maji nilibeba kwa mtungi mdogo, lakini nilichuma kahawa na nilicheka. Daktari alikuwa amesema betri hiyo inachoka, kwamba nikisikia kizunguzungu nirudi upesi. Kizunguzungu kikaja wakati wa baridi ya gathano, siku zile Nyeri haioni mlima wala jua, na ukungu unalala kwa migomba mpaka saa sita.

Hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa mapenzi mazuri.

Mume wangu Gathogo alikuwa mtu wa redio. Betri za redio zikichoka alikuwa anazipanga juu ya mabati zipigwe na jua, na jioni redio inasema tena, hata matangazo ya vifo unayasikia vizuri. Kila mtu kwetu alifanya hivyo. Nilipomwambia kichwa kinazunguka, alifikiria sana, akavua kofia.

"Mama Kariuki," akasema, "betri ni betri."

"Sasa?"

"Sasa kaa juani. Fungua vifungo, jua lipige mahali penyewe. Twende Nairobi kukatwa tena, na jua ni la bure?"

Nikaweka kigoda nyuma ya nyumba. Jua likitoboa ukungu, nafungua blauzi. Likijificha, nafunga. Mama mkwe alikuwa akipita na ndoo ya nguruwe, ananiambia, "Geuka na mgongo, ipate pande zote." Hakuwa anacheka. Wairimu ndiye alikuwa anacheka.

"Ama tuiume kidogo?" aliniuliza. "Zile za tochi ukiziuma zinarudi."

"Njoo uume, una meno mangapi?"

"Ya kutosha wewe."

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Na nakuapia, nilipopata joto nilijiona nimepona. Joto linadanganya. Siku iliyofuata nilikuwa hapo hapo kigodani, jua zuri limetoka, nikaanguka mbele na kichwa kikapiga jiwe la kusagia. Gathogo alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mtu mzima amebeba mke wake kama gunia, na lori la majani chai likatuchukua. Nililala juu ya majani mabichi. Yalinukia vizuri, nikadhani nimekufa na huko ndiko kunanukia hivyo.

Daktari Holm aliuliza kwa nini nilichelewa. Gathogo akamwambia ukweli wote, ya mabati na ya jua. Sista Priska alitafsiri akiangalia sakafu. Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alienda akasimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Aliporudi alisema kuna betri nyingine, chache sana, moja anayo yeye, na alikuwa hajaamua ampe nani. Hiyo haihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Itakaa humo pengine kuliko mimi mwenyewe.

Gathogo akauliza inakula nini.

Hapo Sista Priska alihangaika. Mwisho akatueleza hivi: ndani kuna kipande kidogo cha madini, kidogo kuliko punje ya mahindi, na hicho kipande kinaoza. Kinaoza pole pole, miaka na miaka, na katika kuoza kinatoa joto, na lile joto linageuzwa kuwa stima. Nikamwambia nimeelewa. Nani hajaona samadi asubuhi ya baridi, inafuka moshi na hakuna mtu amewasha? Sikuelewa vizuri, nilikuja kujua baadaye, lakini ilinitosha kulala na hiyo samadi.

"Lakini kuna neno," akasema Sista Priska. "Siku ukifa, Mama, hii inatolewa. Haizikwi na wewe. Inarudishwa kwa wenyewe ng'ambo."

Gathogo akanitazama. "Kwa hiyo bibi yangu ameazimwa."

"Ameazimwa, Baba."

"Sawa. Hata mimi nilikuwa nimeazimwa yeye."

Huyo mwanamume hakuwa na maneno mengi mazuri, na hilo nimelitunza.

Kisu cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Walinifungua palepale, nyama juu ya nyama, na kidonda kikatoka usaha mpaka mvua fupi zikaanza. Sista Priska alikuwa akinipa chai kutoka kwa kikombe chake mwenyewe. Ninakunywa, anakinywea palepale. Kwa mtu aliyekuwa na kijiko chake peke yake nyumbani, hiyo ilikuwa dawa.

Nilivishwa bangili ya chuma yenye maandishi, nisiitoe hata nikioga. Nikarudi nayo. Siku ya soko Mwalimu Ndirangu, aliyekuwa akifundisha watoto wetu, aliomba kuisoma. Alisoma, akaachia mkono wangu. Akasoma tena bila kuushika.

"Mama Kariuki, unajua hii ni kitu gani? Hii ni jamaa ya ile ya bomu. Ile ilichoma Wajapani."

Hakuwa mtu mbaya. Alijua kitu, akakisema mbele ya watu, basi.

Kufikia jioni soko lote lilikuwa limejua. Sisi wanawake tulikuwa na kikundi cha kulima kwa zamu, ngwatio: leo kwangu, kesho kwako. Zamu yangu ilipofika nilipika uji wa kutosha watu wote, nikachukua jembe, nikangoja. Alikuja Wairimu peke yake. Uji tulimwagia nguruwe. Kanisani mstari wangu ulibaki mtupu, mimi na ukuta. Vijana wakinipita barabarani wanasema, "Cucu," yaani nyanya, "usikohoe, utamaliza Tetu yetu yote." Mwingine aliniletea tochi mbele ya wenzake. "Tuchajie kidogo, tafadhali." Niliichukua ile tochi nikairusha mtoni. Mtu asikudanganye ati ugonjwa unakufanya mpole.

Nyumbani ilikuwa kali zaidi. Mama mkwe aliniondoa jikoni kwake kabisa. Gathogo akanijengea jiko langu la mabanzi, mbali, karibu na boma la ng'ombe. "Ni ya muda tu," alisema. Ni jiko ninalopikia mpaka leo.

Yote hayo niliyameza. Kisha Kariuki akaoa.

Alioa Nyambura, msichana wa Kiriaini, mtaratibu, mwenye mikono ya kazi. Akashika mimba. Sasa wewe usiye Mkikuyu nikueleze. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike wa mwanangu hafanyiwi mashauri. Ni mimi. Anaitwa jina la mama ya baba yake. Mwanangu atamwita huyo mtoto "maitu", mama yangu, na hatamchapa bila kuona haya. Hata ufe, unaitwa. Mtu ambaye jina lake halikuitwa amekatwa kama mgomba. Binti yangu mkubwa nilimwita Wangechi, jina la mama mkwe wangu. Nilimzaa mimi mama mkwe wangu, kwa uchungu wangu mwenyewe.

Mtoto alizaliwa, msichana. Nilisikia vigelegele vinne, vya msichana, nikiwa nang'oa magugu, nikatupa jembe. Kikapu kidogo nilikuwa nimeshakifuma, nikapika njahi, maharagwe meusi ya mzazi, nikaoga. Nilipofika mlangoni kwa Kariuki nilikuta wanawake wamejaa, na kati yao Njoki, mama ya Nyambura, ametoka Kiriaini na kanga mpya. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwa mlango, miguu ameinyoosha mbele. Ili niingie ningemruka.

"Amekuja nani?" nikauliza. Ndivyo tunauliza.

Njoki ndiye alijibu. "Amekuja Njoki."

Nilidhani anajitaja. Nikasema, "Nakuona, mama ya Nyambura. Nauliza mtoto."

"Mtoto ndiye Njoki," akasema mama mkwe wangu.

"Maitu, huyo ni wa kwanza. Wa kwanza ni wangu."

"Wako wewe nani?" akasema. "Wamuyu alianguka akafa juu ya jiwe la kusagia, kila mtu aliona. Hiki kinachotembea ni stima ya wazungu. Tutaita mtoto stima?"

Wengine walicheka kwa pua. Nikamtafuta Kariuki kwa macho. Alikuwa kando ya ghala, anaangalia viatu vyake.

Nikasema, "Haya. Kama nilikufa, jina ni langu, maana wafu wanaitwa. Na kama niko hai, jina ni langu, maana walio hai wanaitwa. Chagua moja, Maitu, halafu uondoe hiyo miguu."

Nilijua nimemshika. Akafikiria, mdomo ukitafuna bila chakula, kisha akasema neno ambalo limekaa ndani yangu kuliko hiyo mashine.

"Maiti tunamjua. Mzima tunamjua. Wewe hatukujui."

Na Njoki akaongeza, kwa sauti ya upole, "Mama Kariuki, ni mtoto mdogo. Hata wewe usingetaka aitwe jina la kitu kama hiyo, ati imshuke kifuani. Na tafadhali usimbebe. Si kwa ubaya."

Nikaweka zile njahi chini, nikarudi kung'oa magugu.

Msimu wa kahawa uliofuata nilikuwa na siku yangu ya kupimwa Nairobi. Gathogo alidhani ni kupimwa tu. Mimi nilikuwa nimeamua kuwaambia watoe. Nife nikiwa mtu wanayemjua.

Kwa benchi nilikaa karibu na Mutua, mtu wa Machakos aliyefanya kazi ya reli. Yeye alikuwa na betri ya kawaida, na hiyo ilikuwa mara ya tatu wanaibadilisha. Kidonda chake kilikuwa kinanuka, tukanyoosha shingo upande mwingine na kujifanya tunatazama mlango. Akaniuliza nimekuja kuongezewa. Nikamwambia nimekuja kutolewa. Akaniuliza ni ya aina gani, nikamwonyesha bangili. Alikuwa anajua kusoma.

"Hii ndiyo ile?" akasema. "Ile moja?"

"Ndiyo hiyo."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona hata kwa mama mkwe wangu. Kisha akacheka mpaka akashika kidonda. "Mama, ukitolewa, usiitupe. Mimi niko nyuma yako kwa laini. Waifute damu tu kidogo, wanipe ikiwa na joto."

Jina langu likaitwa mlangoni.

Daktari Holm alisikiliza. Alisema kwamba kwa sasa moyo wangu haupigi hata kidogo bila ile betri. Akiitoa nitakufa kabla hajamaliza kushona, na yeye hatafanya hivyo. Nikamwambia Sista Priska amuulize, na jina je? Sista Priska hakumuuliza. Alijua mzungu hataelewa. Alinisogelea akaniambia kwa Kikuyu chetu, polepole.

"Cucu, hata ukifa leo hawataliita. Watasema alikufa na bomu kifuani. Njia ya kuitwa ni moja tu, kukaa hai mpaka waone haya."

"Na wasipoona haya?"

"Basi utakuwa umekaa hai."

Nilitoka nikapita mbele ya Mutua. Sikumtazama. Niliporudi baada ya mvua, mahali pake kwa benchi palikuwa pamekaliwa na mama mwenye mtoto. Tulisonga.

Nikakaa hai. Nyambura alizaa mvulana, akaitwa Gathogo, jina la mume wangu. Hiyo haikupingwa. Gathogo alimbeba mjukuu wake hadharani, akamwita rafiki, akamfundisha kufungua redio. Mimi nilitazama kutoka jikoni kwangu. Akazaliwa mvulana mwingine, akaitwa wa upande wa Kiriaini. Kisha tumbo likanyamaza.

Mama mkwe wangu aliugua msimu wa baridi, akalala hajigeuzi. Wake wengine wa boma walichoka naye. Nilimwosha mimi. Alikuwa anasema, "Usinishike na mkono wa upande huo," basi nikamwosha kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto nimeuweka nyuma ya mgongo kama askari. Nilingoja aseme neno. Hakusema. Siku ya mwisho alinitazama muda mrefu, akaomba aitiwe mtu mwingine amshike kichwa. Ukiwa unauguza mtu aliyekutesa, usingoje neno. Mwoshe, umalize, uende ulale.

Halafu Gathogo akatangulia, mgonjwa wa siku chache tu, yeye asiye na mashine. Daktari Holm alirudi kwao na nikasikia amekufa. Vijana waliokuja baada yake hunipima kwa haraka, na swali lao la mwisho ni kama familia inakumbuka kurudisha kile kitu. Nawaambia inakumbuka sana. Wao hawaniulizi mkono wangu uliungua vipi.

Acha nikuambie mazuri machache, usione ni kiza tupu. Watoto wa Kariuki walikuwa wanajificha kwangu. Wote, hata Njoki mdogo. Mama yao akienda soko wanakuja jikoni kwangu kula viazi vitamu vya kuchoma, wanaweka sikio kifuani kwangu kusikiliza bomu. "Haisemi kitu, Cucu." "Imelala." Nikawaambia wafute majivu mdomoni kabla ya kurudi. Na kidonda hupona. Kibonge unakizoea, unakigusa ukiwaza, kama mtu anavyogusa ndevu. Lala upande mwingine. Usikubali mtu akuweke juani.

Njoki mdogo alikuwa ameshaanza kuwa msichana mkubwa wakati tumbo la Nyambura lilipoamka tena, wakati hatukuutegemea. Akazaa msichana. Nilisikia vile vigelegele vinne. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Nikaendelea kukamua.

Walikuja wenyewe. Mbele Kariuki, mvi zimeanza, nyuma yake Nyambura na mtoto ndani ya shali, Wairimu na fimbo yake, na wanawake wa ile ngwatio. Hata Njoki mkubwa wa Kiriaini alikuwapo, amezeeka, amesimama nyuma kabisa. Hawakuwa wamewahi kuingia hilo jiko wote pamoja. Waliinama kwa sababu mlango ni mfupi.

"Maitu," Kariuki akasema, "tumekuja kwa sababu ya jina."

"Jina gani?"

"Lako."

"Nani amesema ninalo? Niliambiwa mimi ni stima."

Kariuki akaangalia viatu vyake, lakini mara hii akainua macho. "Nimemwambia Nyambura sitalala katika nyumba ambayo mama yangu hajazaliwa. Nilipaswa kusema zamani."

"Ulipaswa," nikasema. Sikumsaidia.

Nyambura akaanza kupiga magoti. Nikamkataza. "Magoti sitaki. Jina nitatoa. Lakini mtoto utamweka hapa." Nikafungua vifungo vya sweta, kisha vya blauzi, mbele ya wote, nikaonyesha kile kibonge na makovu mawili juu ya ngozi ya kizee. "Hapa penyewe. Na utamweka wewe, kwa mikono yako. Si Kariuki, si Wairimu."

"Maitu…"

"Hapa."

Nyambura alimfunua mtoto, shali ikaanguka. Njoki mkubwa alianza kuomba kwa sauti. Nyambura alimlaza yule mtoto juu ya kibonge kama mtu anayeweka mwanawe kwa mawe ya moto, kisha akabaki amenyoosha mikono, tayari kumnyakua. Mtoto alitafuta titi, akalikosa, akaweka shavu juu ya mashine na kulala.

Hawakuondoa macho. Chai niliyokuwa nimeimimina ikashika utando. Nyambura machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Inatosha, Maitu," akaninong'oneza.

"Haijatosha."

Nikakaa. Nilitaka aone kila pumzi. Nilitaka mama yake amalize maombi yote anayoyajua aanze tena. Kama unasoma haya ukidhani nilipaswa kuwa mwema, hukuwa umekaa miaka hiyo yote kwa jiko la mabanzi.

Kisha yule mtoto akakojoa. Alikojoa kweli kweli, mkojo ukapita juu ya kibonge, ukafuata kovu la kwanza, ukafuata la pili, ukaingia mpaka kiunoni.

Wairimu akapiga fimbo chini. "Uuui! Mashine imeingia maji! Kimbieni!"

Njoki wa Kiriaini alikimbia kweli, akaacha kiatu kimoja mlangoni, na wanawake wakaangukiana kwa kicheko, hata Nyambura, akilia hivyo hivyo. Akanyoosha tena mikono amchukue mtoto ambadilishe. Nikageuza bega. Nilikaa hivyo, nimelowa, Wamuyu juu ya Wamuyu, na sikumpa mtu.